Ngitili ya Nyuki

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuudhani mmea ule ni kiazi.

Nalisema wazi kwa sababu nimelificha vya kutosha. Kwetu Didia, kila kinachotambaa ni kiazi mpaka kithibitike kuwa kitu kingine. Unachimba tuta, unachomeka shina, na marando yakianza kuteremka unayainua na kuyarudisha juu, yasije yakatia mizizi njiani na kuvinyima viazi nguvu. Mtoto wa miaka sita anaijua kazi hiyo. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mmoja. Nilikuwa nimesoma hadi darasa la nne, na mengine nikajifundisha mwenyewe kwa kusoma kila karatasi iliyoniangukia mkononi, hata zile za kufungia sukari. Kila asubuhi nilipita kwenye matuta yangu manne nikiinua mashina ya mmea ambao kazi yake yote hapa duniani ni kulala chini.

Na jina lake lilikuwa linaniambia hivyo hivyo. Lalachini. Hata kama ningekuwa sijui kusoma, masikio nilikuwa nayo.

Jina hilo nilipewa Nkome, ziwani, na mwanamke aliyekuwa akigeuza samaki wadogo waitwao furu juu ya mawe. Nilikuwa nimeacha kazi Geita, kwenye mgodi wa dhahabu, ambako nilikaa mwaka mzima na miezi kadhaa kando ya mashine ya kusaga mawe. Nilitoka na shati jipya na kikohozi. Nilipita Nkome kutafuta furu wa kupeleka nyumbani, nikakohoa mbele ya yule mama mpaka nikashika magoti.

"Kifua hicho umekitoa Geita?" aliniuliza bila kunitazama.

"Shikamoo, mama. Ndiyo."

"Marahaba. Dhahabu wamechukua wao, wewe wamekuachia vumbi." Akacheka peke yake, kisha akainama na kung'oa majani katikati ya mawe. "Chemsha, unywe. Sisi hapa twaiita lalachini. Lakini angalia usiwakalie wenyewe."

Sikuelewa wenyewe ni akina nani mpaka nilipotazama vizuri. Mmea ule ulikuwa umetandaa kama mkeka hadi karibu na maji, na maua yake yalikuwa madogo, meupe yenye zambarau kidogo, kila kichwa hakizidi kifungo cha shati. Kilikuwa kiangazi kikali, wakati ambao hata mbigili imekata tamaa, lakini mkeka ule wote ulikuwa unanguruma. Walikuwa nyuki.

Nikasahau kikohozi. Nikamfikiria baba.

Lazima nieleze habari ya baba, maana bila yeye mambo haya yangekuwa hadithi ya majani tu. Baba yangu ni Msumbwa wa Ushirombo. Alikuja nchi ya Wasukuma kwa ajili ya mama, akakubali kulima pamba na kuchunga ng'ombe wa wakwe, lakini moyo wake ulibaki kwenye mizinga. Pori lilikuwepo nyuma ya kijiji, na humo alitundika mizinga tisa. Asali tulikula na kuuza, na nta alipeleka misheni kwa ajili ya mishumaa, akiibeba kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Mwaka niliokuwa Geita, watu wote waliitwa kufyeka pori ili mbung'o wakose pa kukaa. Mbung'o waliondoka kweli, na ng'ombe wakapona. Sisemi kazi ile ilikuwa mbaya. Ila waliposhusha miti walishusha na maua, na nyuki hawakungoja kuelezwa. Nilipofika nyumbani na debe langu la mashina ya lalachini niliyoyang'oa Nkome, yaliyofungwa kwa gunia bichi, mizinga tisa ilikuwa imelazwa kando ya zizi kama magogo ya kuni. Mmoja kuku alikuwa ametagia ndani.

Baba hakulalamika, na hilo ndilo lililotutisha. Siku ya tatu baada ya mimi kurudi, tukiwa tunakula, alisema kwa utulivu kabisa, "Nikishavuna pamba ya msimu huu unaokuja, nawafuata."

"Unawafuata akina nani?" mama aliuliza.

"Nyuki. Huko kwetu pori bado lipo."

Mama aliweka tonge la ugali chini. Nyumbani tunasema Kisukuma, lakini maneno yake hata kwa Kiswahili hayapotezi makali: "Nenda. Mimi sikuolewa na nyuki."

Basi. Hapo ndipo nilipokuwa nimesimama. Mama hahami, mama yake amezikwa hapa. Baba anahama pamba ikishavunwa. Na mimi nina debe la majani ya dawa kutoka ziwani na akili isiyolala. Nilijiambia kwamba nikipata mkeka kama ule wa Nkome hapa uani kabla ya mavuno, nyuki watakuja, na baba hatakuwa na wa kumfuata. Sikumwambia mtu. Nilitaka kwanza kitu kiwe kamili.

Kitu kiwe kamili! Laiti mtu angenipiga kofi siku ile.

Nilichagua mahali mbele ya nyumba, mkono wa kulia, nikalima matuta manne. Nilifunga mafundo kwenye uzi ili nafasi zilingane. Mashina yalikuwa mengi kidogo, nikayachagua, yenye kasoro nikayatupa pembeni. Mvua za kwanza ziliponyesha yalichipua, nami nikafurahi kama mjinga, kisha yakaanza kuteremka tuta kama yalivyoumbwa, na mimi nikaanza kuyainua. Asubuhi nayainua, jioni yameteremka. Nayainua tena. Udongo wetu ni wa mbuga, mfinyanzi mweusi; ukilowa unanata, ukipigwa na jua siku mbili unapasuka, na juu ya tuta unapasuka zaidi. Mizizi ilikatika. Mashina niliyoyainua yalikuwa hayana mahali pa kushika, yakawa ya kijivu kama kamba kuukuu.

Bwana shamba alipopita kukagua pamba yetu alisimama kwenye matuta yangu.

"Kijiji kizima sijaona matuta yaliyonyooka hivi," alisema. "Umepanda nini, kijana?"

"Dawa, bwana."

"Dawa gani hiyo inayotaka tuta?"

Lile lilikuwa swali. Mimi nililichukua kama sifa, na sehemu ya kunyooka tu ndiyo niliyoisikia. Jioni ile nilirudia kunyoosha tuta la tatu.

Halafu kulikuwa na ufagio wa mama. Kwetu ua hufagiliwa kila siku kabla jua halijapanda, mpaka udongo uonyeshe mistari ya ufagio na nyayo za kuku wa kwanza. Jani moja mlangoni ni aibu, na majani mawili ni habari. Mama alifagia kuanzia mlangoni, akazunguka matuta yangu kwa uso wa mtu anayezunguka kinyesi cha mbwa, na kila kipande kilichokatika, kila shina lililoteremka na kuvuka mpaka wake, alilikusanya na kwenda kulitupa nyuma ya nyumba, penye mawe ya kuogea.

"Mama, hayo ni yangu."

"Yako yako juu ya tuta. Haya yalikuwa kwangu."

"Yameanguka tu."

"Basi yafundishe kukaa." Na akaendelea.

Hapa inanibidi nikiri jambo baya zaidi. Kufikia katikati ya masika, matuta manne yalikuwa yametoa maua kumi na moja. Niliyahesabu asubuhi na jioni, kana kwamba yangeongezeka kwa kuhesabiwa. Pamba ilikuwa imeshaanza kufunga vitumba. Siku hiyo nilimwona baba akikagua mfuko wake wa safari wa ngozi, akiupaka mafuta, nami nikaingiwa na hofu nikamwambia, "Baba, nyuki wamerudi. Nimewaona kwenye maua yangu."

Alisimama haraka kuliko nilivyomwona akisimama tangu nirudi. Tukaenda. Alichuchumaa mbele ya tuta la pili, akatazama kwa muda mrefu kitu kidogo chenye mistari ya njano kilichokuwa kikining'inia hewani juu ya ua.

"Huyu ni nzi," alisema.

"Ana mistari, baba."

"Punda milia naye ana mistari. Ni nyuki?"

Hakukasirika. Laiti angekasirika. Alijipangusa magoti akarudi kwenye mfuko wake. Mimi nilijua tangu mwanzo kwamba ni nzi. Nyuki ana mabawa manne na hakai hewani kama taa. Mtoto wa mrina asali analijua hilo. Nilidanganya kwa sababu nilitaka siku chache zaidi, na sasa hata nyuki wa kweli wakija nani angeniamini?

Kesho yake niling'oa yote. Sikuwa na hasira ya heshima. Ilikuwa ile hasira ya kitoto inayorusha vitu. Niling'oa tuta la kwanza, la pili, la tatu, la nne, nikabeba yale mafungu ya kijivu nyuma ya nyumba kwenda kuyatupa mahali mama alikokuwa akitupa siku zote. Nilikuwa nimevaa msuli tu, miguu mitupu, nikitaka kuoga baada ya hapo. Nikakanyaga kitu laini.

Nilitazama chini. Kuanzia kwenye mawe ya kuogea, kufuata mfereji wa maji ya sabuni, mpaka chini ya ua wa minyaa, lalachini ilikuwa imetandaa. Si matuta, si mistari. Kila kipande ambacho mama alikifagia na kukitupa kilikuwa kimelala pale pale kilipoanguka, kikatia mizizi kwenye kila kifundo, kikajaza mahali pale kote kama uji uliomwagika. Maua sikuyahesabu. Nilianza, nikaacha. Na juu yake kulikuwa na nyuki watatu, wenye mabawa manne, wakitua, wakitambaa, wakiruka.

Ningependa kusema nilifurahi. Nilikasirika mpaka nikakaa juu ya jiwe la kuogea. Miezi mitano ya uzi wenye mafundo! Miezi mitano ya kuamka kabla ya jogoo! Na mkulima hodari wa nyumba hii alikuwa mama, aliyekuwa akilima kwa kuchukia. Mbaya zaidi, niliona shina moja limepanda juu ya jiwe, na mkono wangu, wenyewe, bila kuambiwa, ukanyooka kulirudisha chini mahali pazuri. Niliupiga kwa mkono mwingine.

Sikumwambia baba. Nilisema sitasema neno mpaka waje nyuki kumi. Walikuja kumi. Nikasema ishirini. Ndivyo nilivyo, siku zote kuna hesabu moja zaidi kabla sijawa tayari. Na huku nikingoja, mmea haukungoja. Masika yalikuwa mazuri mwaka ule. Ulipita chini ya minyaa, ukazunguka pembe ya nyumba, ukaingia uani kwa mbele, wiki moja urefu wa mkono, wiki nyingine mkono na nusu. Pamba ikavunwa, ikauzwa. Asubuhi moja jirani yetu, mama mmoja mwenye ulimi na mwenye kuupenda, alisimama njiani akaita kwa sauti ya kusikika mpaka kisimani:

"Mwangaluka, jirani! Mmo humo? Au mmeshahama?"

"Mwangaluka. Kwa nini tuhame?"

"Naona nyasi mlangoni. Nikasema mimi, mzee wa nyuki ameondoka kweli, sasa pale pamekuwa mahame."

Akaenda zake akicheka. Mama aliweka ufagio, akaingia ndani, akatoka na jembe.

Nilikimbia nikasimama juu ya mmea kwa miguu mitupu. Ni jambo la aibu, kijana mzima kusimama juu ya majani na kunyoosha mikono kama mtu anayezuia ng'ombe.

"Mama, tafadhali. Ni kwa ajili ya nyuki. Wapo, nyuma kule, nimewaona."

"Ulishawaona siku nyingine."

"Safari hii kweli."

"Toka."

"Wakija, baba hataondoka!"

Nilikuwa nimelisema. Lilikuwa limetoka vibaya, kwa sauti ya juu, wakati hata sikuwa tayari. Baba alikuwa zizini, na ule mfuko wa ngozi ulikuwa tayari umefungwa kwa kamba, ukiegemea mzinga. Alisikia. Mama akajua kwamba amesikia, na akageuka, na maneno aliyoyasema yalikuwa ya baba, si yangu.

"Unajua kwa nini nafagia?" alisema. "Tangu uanze kufunga huo mfuko, nafagia mara mbili. Nafagia ili apitaye ajue mwenye nyumba yumo. Na mwanao anakuja kuotesha mahame mlangoni kwangu, mume wangu akiwa bado hai, akiwa bado anakula hapa. Bora ungeondoka upesi, nijue moja."

Nilikuwa nimeishi na mama yangu miaka ishirini na mmoja na nilidhani anapenda usafi.

Baba alikuja polepole. Hakumtazama mama, hakunitazama mimi. Alipita pembe ya nyumba, akakaa huko nyuma muda mrefu. Tulisikia tu kuku. Aliporudi alikuwa na chavua ya njano kwenye kidole, akaipangusa kwenye suruali.

"Hapa si mahame," alisema. "Hii ni ngitili."

Ngitili, kwa asiyejua, ni neno la kwao mama, si la kwao baba. Msukuma hufunga kipande cha malisho, halishi mifugo humo wakati wa mvua, anakiacha kisimame kirefu kama kimesahauliwa, ili ndama na ng'ombe wachovu wapate kula kiangazi. Machoni ni nyasi zilizoachwa. Lakini kila mtu akiiona anajua ina mwenyewe, tena mwenyewe mwenye akili, anayefikiria mwezi usiofika bado. Miaka yote ile sikuwahi kumsikia baba akilitumia neno lile. Ng'ombe walikuwa mambo ya wakweze.

Mama alimtazama. "Ngitili haina budi izungushiwe," alisema mwisho. "Isiyozungushiwa ni majani tu."

"Nitazungushia."

"Leo."

"Leo."

Alikwenda kukata matawi ya miiba, akayaburuta mpaka uani. Yalipotaka kufungwa, alitafuta kamba huku na huku. Kisha akaenda kwenye mfuko wake wa ngozi, akafungua kamba iliyoufunga, akarudi nayo. Mimi nilishika miiba, yeye akafunga. Nilimwambia upande wa kushoto umepinda. Akasema, "Nyamaza." Mama akachukua ufagio na kufagia mpaka kwenye miiba, taratibu, akachora mstari.

"Jani likivuka hapa, nalima," alisema. "Na sitauliza."

Jirani alipopita jioni alisimama. "Nini tena hiki?"

"Ngitili," mama alijibu, bila kuinua kichwa.

"Ya nini?"

"Ya nyuki."

"Ngitili ya nyuki! Na ndama wao wako wapi?"

"Wapo. Njoo uwakamue," mama alisema, na hiyo ndiyo mara ya kwanza baada ya miezi mingi baba kucheka.

Kundi lilikuja kiangazi, baada ya mtama kupurwa. Baba alikuwa amesafisha ule mzinga aliotagia kuku, akaupaka nta ya zamani ndani, akauweka juu ya nguzo mbili nyuma ya minyaa. Siku moja mchana tulisikia mngurumo, nao wakaingia wote, kama maji yanayoingia mtungini. Nilimtazama baba. Nilingoja. Nakiri kwamba nilingoja neno moja tu, kwamba ni majani yangu.

"Wamefuata maji," alisema. "Nyuki kiangazi anatafuta maji kwanza. Wamefuata maji ya mama yako ya kuogea."

Mama alilirudia neno hilo kwa kila mtu aliyefika nyumbani. Nilijaribu kueleza kuhusu chavua. Nilieleza kuhusu Nkome, kwamba kipande chetu hakitoshi kulisha mzinga mzima, nakubali, lakini wakati ambapo hakuna ua jingine mtu asipuuze. Hakuna aliyesikiliza. Mpaka leo hakuna asikilizaye. Majani mama huchemsha kwa ajili ya kifua changu, na kwa ajili ya watoto wa jirani, na anasema ni dawa aliyoiotesha yeye. Siwezi kubisha. Ndiye aliyeiotesha.

Sasa ni mwaka wa tatu. Mizinga mitatu ina nyuki, sita ni mitupu. Situmii tena uzi wenye mafundo, ila kwa pamba. Mama hufagia mara moja kwa siku, na huishia kwenye miiba. Baba huenda Ushirombo kila kiangazi kuona nyuki wa kwao, hukaa majuma matatu, kisha hurudi.